Tuta la Reli Iliyokufa

Harufu ya tumbaku iliyokaushwa kwa moshi haifanani hata kidogo na harufu ya sigara. Ni nzito na tamu, ina kitu cha asali ndani yake, na ikishaingia kwenye nguo haitoki kwa kufuliwa mara moja. Msimu wa mauzo, malori yakiwa yamepanga foleni nje ya maghala hapa Tabora, harufu hiyo hunikuta njiani nikienda kazini, na najikuta nimepunguza mwendo bila kukusudia. Kwa dakika chache mimi si mtu mzima tena. Nina miaka sita, nimekaa nyuma kwenye keria ya baiskeli, shavu langu limegusa mgongo wa mama mdogo Nyamizi, na kanga yake inanuka moshi wa bani, kile kibanda kirefu cha udongo ambamo tumbaku ilining'inizwa ikauke. Chini yetu gurudumu linasaga kokoto. Mbele yetu njia imenyooka mpaka macho yanachoka.

Njia hiyo ilikuwa tuta la reli. Zamani, kabla ya mimi kuzaliwa, kulikuwa na kiwanda cha kupasua mbao ndani ya msitu upande wa Usinge, na reli ndogo ilitoka kwenye njia kuu ya Kigoma kwenda huko kuchukua magogo ya mininga. Kiwanda kilipofungwa, vyuma viling'olewa na mataruma, zile mbao za kulazia reli, yakaishia jikoni kwa watu. Likabaki tuta lenyewe, udongo mwekundu ulioinuliwa kimo cha mtu mzima na kufunikwa kokoto, likikatisha mapori na mashamba. Watu wa kijiji cha mama mdogo walilifanya barabara yao. Walipita juu yake wauza mkaa na baiskeli zilizoelemewa, warina asali, wanawake wa kwaya wakienda mazoezi Jumamosi. Njia za chini zilijaa mchanga kiangazi na maji masika, lakini tuta lilikuwa kavu mwaka mzima.

Nilifika huko kwa sababu mama alikuwa ameondoka. Siku hiyo sikumwona. Niliamka nyumbani kwetu Ipuli nikakuta kitanda chake kimetandikwa, na baba, ambaye ni fundi seremala, ameketi mlangoni bila kushika randa wala msumeno.

"Mama yuko wapi?"

"Kapanda treni," baba akasema.

"Anarudi lini?"

"Atarudi."

 Siku chache baadaye baba alinipeleka hospitali nikapigwa picha ya kifua. Nilivaa gauni langu la sikukuu, na tulipotoka nilimwuliza kama mama atapelekewa ile picha. Baba aligeuka upande akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Leo najua alikuwa anaogopa kwamba ugonjwa wa mama, kifua kikuu cha aina ile isiyosikia dawa za kawaida, ulikuwa umeniingia na mimi. Picha ilikuwa safi. Kesho yake tukapanda basi, halafu lori, mpaka kijijini kwa mdogo wake mama.

Mama mdogo Nyamizi alikuwa mrefu, mwenye mikono mikubwa na sauti ya chini. Yeye na baba mdogo walikuwa wameoana miaka mingi na hawakuwa na mtoto. Mimi sikuliona hilo kama jambo lolote. Niliona tu kwamba nyumba yao ilikuwa kimya, kwamba vikombe vyao vilikuwa vizima vyote, na kwamba jioni ya kwanza mama mdogo aliniwekea bakuli la matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa juani, akakaa mbali kidogo akinitazama nikitafuna, kana kwamba mtoto kula ni jambo la kutazamwa.

Siku ya pili alinipandisha kwenye tuta.

"Hii nini?" nikauliza.

"Hii ilikuwa njia ya treni."

"Treni iko wapi?"

"Treni ya hapa ilikufa zamani, Kalunde. Twende."

Kwetu watu husema hivyo bila kufikiri. Kiwanda kimekufa, ushirika umekufa, simu imekufa. Lakini mimi nilikuwa nimehudhuria mazishi ya bibi mzaa baba, na nilijua kabisa kwamba mtu akifa anachimbiwa kaburi, na juu yake huachwa tuta la udongo. Nililitazama lile tuta refu, mwanzo wake hauonekani, mwisho wake hauonekani, nikaelewa. Treni ni ndefu. Kaburi lake lazima liwe refu.

Hilo peke yake lingeweza kubaki mchezo wa mawazo ya mtoto, kama si habari ya simu. Kijijini mtandao haukufika. Ulipatikana sehemu moja tu, juu ya tuta, karibu na nguzo fupi ya zege iliyoachwa na watu wa reli. Jioni za Jumamosi utawakuta watu wamekusanyika pale, mmoja ameinua mkono juu kama anayeomba, mwingine anapiga kelele za "haloo, haloo" kuelekea msituni. Mama mdogo naye alinipeleka. Tulipita na baiskeli, akaiegemeza kwenye nguzo, akasubiri simu ilie. Ikilia aliongea kwanza yeye, kwa Kinyamwezi, kwa sauti ya kunong'ona, halafu alinipa mimi.

"Kalunde," mama alisema. "Umekula?"

Sauti yake ilikuwa nyembamba, imekatikakatika, kama ya mtu aliyejifunika shuka gubigubi. Alikohoa. Nilisema nimekula. Alisema niwe na adabu. Kisha sauti ilizama.

Simu nilikuwa naijua. Baba alikuwa nayo. Lakini kule mjini simu iliongea popote, chumbani, uani, sokoni. Hapa iliongea juu ya tuta tu, na tukishuka hatua chache inanyamaza. Mama alikuwa amepanda treni. Treni ilikuwa imekufa. Sauti yake ilipatikana pale pale treni ilipozikwa. Sikumwambia mtu yeyote, maana nilidhani wote wanajua na ndiyo sababu wakimtaja mama wanashusha sauti.

Cha ajabu ni kwamba sikuhuzunika sana. Mama alikuwa chini, lakini alikuwa anaongea, na Jumamosi haikuwa mbali. Nilianza kulipenda tuta. Tukipita juu yake na baiskeli nilimshika mama mdogo kiunoni nikatazama chini, nikijaribu kukisia tuko juu ya behewa gani. Wakati mwingine niliinua miguu ili isiwe mizito juu ya watu. Mama mdogo aliniuliza mbona najikunja hivyo kwenye keria, nikasema miguu inauma, naye akanishonea mto mdogo wa kukalia, uliojazwa mabaki ya vitambaa.

Halafu ikaja Jumamosi ambayo simu haikulia. Tulikaa kwenye nguzo mpaka jua likazama nyuma ya miombo, na wengine wote wakaondoka. Jumamosi iliyofuata simu ililia, lakini alikuwa baba. Mama mdogo alisikiliza, akanipa mgongo, akasema "ndiyo shemeji" mara nyingi. Tulirudi nyumbani tukitembea, yeye akikokota baiskeli. Alisahau kwamba mimi hupandishwa kwenye keria.

Usiku ule niliwaza kwa namna nilivyoweza. Mama hajibu kwa sababu hewa imemwishia. Jumatatu mchana, mama mdogo akiwa bani na baba mdogo amekwenda kukata kuni, nilichukua jembe dogo lenye mpini mfupi lililotumika bustanini, nikapanda tuta peke yangu.

Nakumbuka ukimya wa mchana ule na joto la kokoto likipenya kwenye kandambili. Nilifika kwenye nguzo nikaanza. Kokoto zilikuwa zimeshikana. Nilizing'oa kwa vidole, moja moja, nikazitupa pembeni. Chini yake kulikuwa na udongo mgumu mwekundu. Nilichimba, nikapumzika, nikachimba. Jembe likagonga chuma. Ulikuwa msumari mkubwa wa reli, mnene kuliko kidole gumba cha baba, umeliwa na kutu.  Nilikuwa nimefika kwenye paa la treni! Niliugonga kwa jiwe, nikatega sikio, nikaugonga tena nikiita, "Mama! Mama, ni mimi!"

Hivyo ndivyo mama mdogo alivyonikuta. Alikuja na baiskeli kwa kasi, kanga imemvuka begani, akaruka chini hata kabla haijasimama.

"Kalunde! Unafanya nini?"

"Namtoa mama."

"Unamtoa wapi?"

"Humu. Kwenye treni."

Alitazama shimo. Alitazama mikono yangu, ambayo ilikuwa imechubuka na kuchanganya damu na udongo. "Nani kakwambia mama yako yumo humu?"

"Baba alisema kapanda treni. Wewe ulisema treni ilikufa. Na tunaongea naye hapa."

Nilisubiri kofi. Hakunipiga, hakucheka, wala hakuniita mjinga. Alipiga magoti pembeni ya shimo.

"Nipe jembe," akasema.

Alichimba kama alivyolima matuta ya viazi, kwa mapigo marefu yasiyo na haraka. Mimi nilitoa udongo kwa mikono. Kila baada ya muda alisimama na kuniuliza.

"Unaona nini?"

"Udongo."

"Tuendelee?"

"Tuendelee."

Shimo lilimfika magotini, kisha mapajani. Alikuwa anatokwa jasho hadi kidevuni. Nusu saa au zaidi alichimba, mwanamke mzima, katikati ya njia ya watu, mchana kweupe, mpaka jembe likaanza kutoa udongo wa mfinyanzi, mweupe na laini, usio na chuma wala kokoto.

"Hakuna treni," nikasema hatimaye.

"Hakuna."

"Na mama hayumo."

"Hayumo humu, Kalunde."

Akatoka shimoni, akanikalisha kwenye kokoto, akanifuta mikono kwa ncha ya kanga. Ndipo aliponiambia. Alisema mama anaumwa kifua, yuko hospitali mbali sana kuliko Tabora, alikwenda kwa treni kweli, lakini treni nyingine, nzima. Alisema simu ni mashine tu, inapenda mahali palipoinuka. Alisema Jumamosi mbili mama hakuongea kwa sababu amezidiwa, hana nguvu ya kushika simu.

"Atakufa?"

Watu wazima wote niliowajua wangejibu kwamba tumwombe Mungu, au nisiseme maneno hayo. Mama mdogo alikuwa mtu wa kanisa, mwimbaji wa kwaya wa miaka mingi, na naamini alikuwa akiomba kila siku. Lakini alinitazama usoni.

"Sijui," akasema. "Na mimi naogopa."

Nimeishi na maneno hayo mpaka leo. Siwezi kueleza vizuri yalinipa nini. Yalikuwa maneno ya kutisha, na bado baada ya kuyasikia niliweza kulia, kitu ambacho sikuwa nimefanya tangu asubuhi ile ya Ipuli. Nililia nikiwa nimejilaza mapajani mwake, na yeye akalia juu yangu, machozi yake yakinidondokea shingoni.

Akapita muuza mkaa, anasukuma baiskeli yenye magunia. Akasimama, akatazama lile shimo katikati ya njia.

"Kulikoni, mama? Mmepoteza kitu?"

"Tumepoteza," mama mdogo akajibu, akijipangusa.

"Mmekiona?"

"Bado."

Yule mtu alilaza baiskeli yake bila kuuliza zaidi, akatusaidia kufukia.

Siku mbili baadaye mama mdogo hakwenda bani. Aliniambia anataka kunionyesha kitu. Tuliondoka asubuhi baada ya uji, tukafuata tuta kwa upande ambao sikuwahi kwenda, kuelekea stesheni. Ilikuwa safari ndefu. Tulipita kwenye mizinga ya nyuki iliyoning'inia mitini, tukapita mahali ambapo majani yameota pande zote mpaka yanatupiga usoni. Palikuwa na korongo ambalo daraja lake liliondolewa pamoja na vyuma. Mama mdogo alinishusha, akaibeba baiskeli begani akateremka nayo na kupanda nayo ng'ambo, kisha akanirudia mimi. Alipochoka kukanyaga pedali tulitembea. Alinisimulia kwamba hata kabla ya reli, upande huu walipita wapagazi kwa miguu, na babu wa babu yake alikuwa mmoja wao, alikwenda pwani na mzigo akarudi na wimbo. Nikamwuliza wimbo gani. Aliuimba vipande, akacheka kwamba maneno mengine hayajui maana yake.

Tuta likaisha. Mbele yetu kulikuwa na reli mbili zinazong'aa, safi, kama zimepakwa mafuta. Mama mdogo aliweka kiganja changu juu ya chuma. Chuma kilikuwa cha moto. Tulikaa kivulini tukala viazi, tukasubiri, na mchana ukiwa umesogea treni ya mizigo ikaja kutoka upande wa Tabora. Nilihisi ardhi kabla ya kuisikia. Ilipita kwa kishindo, behewa baada ya behewa, nami nimeng'ang'ania mguu wa mama mdogo, nimefumbua macho kwa nguvu zangu zote.

"Hii haijafa," nikasema, ilipokwisha kupita.

"Hii nzima."

"Mama atashuka hapa?"

"Akipona, atashuka hapa."

Akipona. Hakuniambia "atarudi" kama wengine. Ndiyo sababu niliamini.

Mama alipona, lakini polepole mno. Simu zilianza tena, na miezi ikapita kwa wingi kiasi kwamba nilianza shule kijijini, nikajifunza kusema "mwangaluka" kwa wakubwa asubuhi bila kukumbushwa, na nikajifunza baiskeli. Ilikuwa ya kiume na kubwa, sikufikia kiti, kwa hiyo nilipenyeza mguu mmoja chini ya fremu nikaendesha kiubavuubavu juu ya tuta, mama mdogo akikimbia nyuma ameshika keria. Nilianguka mara nyingi. Siku alipoiachia sikujua. Nilikwenda peke yangu mpaka kwenye nguzo, nikageuka kumwambia kitu, nikamwona mbali kule amesimama mikono kichwani, anacheka.

Na nilianza kumwita mayu, kama watoto wenzangu walivyowaita mama zao. Kila mara alinisahihisha. "Mimi mama mdogo. Mayu wako yuko hospitali." Nilisema sawa, na kesho yake nikarudia.

Siku mama aliposhuka stesheni nilijificha nyuma ya mama mdogo. Mwanamke aliyeteremshwa na baba kutoka kwenye behewa alikuwa mwembamba, mashavu yameingia ndani, ana nywele fupi kama za mwanafunzi. Mama mdogo alinivuta mbele. Nilikaza miguu.

"Mwache, Nyamizi," mama akasema. "Hata mimi nilipojiona kwenye kioo niliuliza huyu nani."

Baba alilazimika kubaki kushughulikia mizigo, sisi watatu tukatangulia. Mama aliketi kwenye keria, juu ya mto wangu wa vitambaa, mama mdogo akasukuma, mimi nikatembea nyuma. Walizungumza kwa sauti ndogo na mara mbili niliwasikia wakicheka. Baada ya korongo nikachoka.

"Mayu, nimechoka!"

Mama aligeuka upesi, uso umechangamka. Lakini mimi nilikuwa namtazama mama mdogo. Nadhani kila mmoja wetu aliliona hilo kwa wakati mmoja. Mama mdogo aliinamisha kichwa akashughulika na breki ambayo haikuwa na tatizo lolote.

"Mama yako huyo hapo," akasema. "Mwambie yeye."

 Mama alishuka taratibu, akaniashiria nikae kwenye keria, akatembea kilichobaki cha safari akiwa ameshika kiti cha baiskeli, akisimama kila mara kuvuta pumzi.

Walikaa wiki chache, kisha wakanichukua. Mama mdogo alitusindikiza mpaka stesheni. Treni ilipokuja alinipandisha, akanipa furushi la matobolwa, akapanda baiskeli yake na kuondoka kabla hata injini haijapiga honi. Hakugeuka. Nilitazama mgongo wake ukipungua juu ya tuta, nikawaza kwa uchungu kwamba amefurahi kunitua. Ilichukua miaka mingi mpaka baba mdogo alipotaja, katika maongezi mengine kabisa, kwamba siku ile mama mdogo hakufika nyumbani. Baba mdogo alitoka kumtafuta akamkuta amekaa njiani kwenye kokoto, baiskeli imelala pembeni, na jioni imeshaingia.

Kila likizo mama alinifungia mzigo wa sukari na sabuni akasema, "Nenda ukamsalimie mama mdogo." Nilikwenda, mwaka baada ya mwaka, nikawa mwanamke. Hatukulizungumzia tena suala la nani ni nani. Nilimwita mama mdogo, naye aliitika.

Kiangazi hiki amefariki. Aliugua kwa muda mfupi, na gari lililoleta jeneza kutoka hospitali lilipita juu ya tuta taratibu, waendesha baiskeli na bodaboda wakishuka pembeni kulipisha. Makaburini watu walikuwa wengi, kwaya nzima ilikuwepo. Baada ya mchungaji kumaliza, mzee mmoja wa kanisa alianza kuita watu kuweka udongo. Alimwita kwanza baba mdogo, ambaye alishikwa mikono pande mbili.

"Kwa upande wa watoto," mzee akaendelea, "dada yetu hakujaliwa. Kwa hiyo sasa tunawaita ndugu wa kuzaliwa naye."

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele kabisa. Alisimama. Ni mwanamke mzee sasa, na pafu lake moja halikuwahi kurudi sawasawa, kwa hiyo huongea kwa vipande vifupi.

"Subiri, mzee. Watoto hujaita."

"Mama, samahani, sisi tuliambiwa kwamba..."

"Mliambiwa vibaya." Akavuta pumzi. "Yupo. Mimi nilimzaa. Nikalala hospitali, sijui kama nitaamka. Huyu mnayemzika ndiye aliyebaki naye." Akavuta pumzi tena. "Mwite mtoto wake kwanza. Mimi nitafuata."

 Baba mdogo aliinua uso wake, akatikisa kichwa kukubali, mara kadhaa, kama mtu anayemjibu mwingine asiyeonekana. Yule mzee wa kanisa akasafisha koo.

"Mtoto wa marehemu," akaita.

Nilikuwa nimesimama nyuma, pamoja na wapwa. Walinipisha njia, nikaenda.